Mwalimu wa Video Aliyenijibu

Mwalimu aliyenifundisha kuandika programu za kompyuta alikuwa ameshazikwa siku nilipomwandikia swali langu la kwanza.

Na alinijibu.

Najua unavyoniwazia. Tulia nikusimulie.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vipuri vya magari. Kazi ya upweke ile. Unashinda na maboksi na feni ya dari, basi. Nikitoka narudi kwenye chumba cha kupanga, katika mji ambao nje ya kazi anayejua jina langu ni mwenye nyumba tu. Kuna wikendi ziliisha sijafungua mdomo mpaka Jumatatu, nikimsalimia mlinzi getini.

Siku moja msimamizi akatuita. Akasema hesabu ya mzigo inahamia kwenye kompyuta, na atakayeweza kuandika hata programu ndogo ya kuhesabu vipuri kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ndiye atakayebaki. Wengine, kwaheri.

Nikajipa moyo kwamba mtandaoni kuna kila kitu. Kumbe hicho "kila kitu" ndiyo shida yenyewe.

Nilianza na kozi iliyoahidi kunifanya mtaalamu ndani ya wiki. Jamaa anafundisha kama anafukuzwa.

Nikahamia kwenye kitabu cha bure nilichopakua. Mstari wa kwanza kabisa, kompyuta ikagoma. Nikaunakili upya, herufi kwa herufi. Ikagoma. Nikaamini kichwa changu ndicho kibovu. Baadaye sana ndipo nikajua kitabu kilikuwa cha toleo la zamani la lugha, lilishaachwa kutumika. Hakukuwa na mtu karibu wa kuniambia.

Nikauliza kwenye kundi moja la waandika programu. Mmoja akajibu, "Kama hata hili hulijui, tafuta kazi nyingine." Wenzake wakaweka vicheko.

Nikazima simu, nikakaa kitandani bila hata kuvua viatu.

Ndipo nikaangukia video zake. Kijana mpole, mikono ya shati ameikunja, anaongea taratibu. Anakosea mbele yako na kurekebisha mbele yako. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kitu.

Kisha nikakwama. Programu yangu ilikuwa inahesabu boksi lile lile bila kukoma. Nikaandika swali chini ya video, kwa kujaribu tu.

Kesho yake jibu likaja, kwa jina la mwalimu mwenyewe: "Pole mwanangu. Rudi somo la nne, pale anaposema idadi lazima ibadilike kila mzunguko. Nadhani umesahau kuibadilisha."

Nikabadilisha. Ikakubali.

Lakini kwa nini aniite mwanangu, na mimi ni mkubwa kwake? Na kwa nini aseme "anaposema", wakati anayesema ni yeye? Sikuhoji. Nilikuwa na hamu mno ya kuongeleshwa.

Ikawa kila nikikwama nauliza. Mwisho nikawa namsimulia hata siku yangu ilivyokwenda, na huko nako anajibu. Kuna wakati aliandika, "Hili silijui. Ngoja nikasome maelezo ya waliotengeneza lugha yenyewe, tusidanganyane." Kisha akanitumia ukurasa, nami nikajifunza kuusoma mwenyewe.

Programu ikakamilika, nikabakizwa kazini. Habari njema ile sikuwa na wa kumpa ila yeye. Nikamwomba namba nimshukuru kwa sauti. Akasita sana, mwishowe akanipa.

Aliyepokea alikuwa mama mtu mzima.

Nikamwamkia, nikaomba kuongea na mwalimu.

"Mwalimu ni mwanangu," akasema. "Tulimzika kabla wewe hujaanza kuandika."

Nikamuuliza ni nani basi aliyekuwa akinijibu.

Akanieleza polepole. Alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, kompyuta aliijua kwa kuandikia majina ya wagonjwa tu. Baada ya msiba akawa anafungua video kwenye simu aliyoiacha mwanawe, ili amsikie. Haelewi kitu, anasikiliza sauti. Mpaka akaona maswali ya watu chini yake yanazidi kujaa.

"Ilikuwa kama watu wanambishia hodi, na mimi nipo ndani nimekaa," akasema. "Nikaanza somo la kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Ningewaambia, mngenipa pole mkaondoka."

Sikukata simu, wala yeye. Nikamwomba anigawie nusu ya maswali.

Siku hizi tunajibu wote wawili. Akichoka ananiachia, nikishindwa namrudishia.

Kwa hiyo wewe unayetafuta pa kujifunzia: angalia tarehe ya somo, zoea kusoma maelezo ya waliotengeneza lugha, mkimbie anayekuahidi wiki moja. Lakini kwanza kabisa shuka chini kwenye maswali, uone kama kuna mtu anajibu.

Na ukikuta swali limekaa peke yake, na jibu unalo, liandike. Aliyeuliza bado anasubiri.