Sauti ya Mzee Kule Ilikuwa Njiani

Kila yakikaribia mashindano ya nyimbo za jadi, mwanangu, mimi hukumbuka siku moja tu, na siku hiyo sijivunii. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Bwera na viatu vya kuazima, na mama yako Biira, ambaye alikuwa bado hajanikubali, alikuwa ameketi mstari wa mbele kule Kasese. Sasa hivi anajifanya hakumbuki.

Unazijua eluma zetu. Kila filimbi ya mwanzi ina sauti moja tu, na kila mtu hupuliza yake zamu yake ikifika. Tulikuwa kumi na mmoja. Sauti nzito kuliko zote ilikuwa ya mzee Kule, aliyezikata filimbi zile kwa mkono wake na kutufundisha mmoja mmoja. Mwaka ule kifua kilikuwa kinamsumbua. Kwenye mazoezi pumzi yake ilichelewa, nasi tulimngoja. Wachezaji wakabaki mguu juu, yeye akapuliza, tukaendelea. Hakuna aliyenung'unika, isipokuwa mimi, kimoyomoyo.

Mashindano yale yalianzishwa na mwalimu mmoja kutoka Uskoti. Alituambia kwamba kwao milimani watu hukutana kila mwaka, tangu enzi za babu zake, kushindana kwa nyimbo na lugha ya wazee wao ili zisipotee. Maneno mazuri, lakini mimi nilisikia moja tu, kushindana. Nikakata kisirisiri filimbi yenye sauti ileile ya mzee Kule, nikaificha ndani ya koti.

Jukwaani zamu ya mzee ikafika. Akafumba macho, akavuta pumzi, na kwa kitambo kidogo hapakutoka kitu. Sikungoja. Nikachomoa ile filimbi nikapuliza mahali pake, na wimbo ukapita bila pengo. Zamu yake ya pili nikafanya vivyo hivyo. Ya tatu ilipofika, mzee alikuwa ameshateremsha filimbi yake.

Tukashinda. Tukapewa mbuzi, na watu wakanibeba mabegani. Waliponishusha nikamwendea mzee, nikitarajia sifa, mjinga mimi. Akaniwekea filimbi yake mkononi.

"Sauti yangu ilikuwa mu njia nakuya," akasema. "Juu ya nini haukuningojea?"

"Mzee, tungeshindwa."

"Basi tungeshindwa siye bote," akajibu, akanipapasa kichwa.

Huko kupapaswa ndiko kulikoniumiza. Afadhali angenichapa. Nilimpelekea filimbi yake nyumbani mara mbili, akaikataa kwa upole, akanipa chai. Hakupuliza tena. Tulimzika kabla ya mashindano ya mwaka uliofuata, na pale kaburini nililia mpaka mama yako akanishika mkono mbele za watu. Ndipo aliponikubali, ingawa mimi sikustahili.

Kesho, mwanangu, tunapanda jukwaa lile pamoja, na filimbi nitakayoshika ni ya mzee Kule. Kifua changu umekisikia usiku kucha wiki hii. Wewe una mapafu ya fahali, na jana nimeiona filimbi mpya chini ya mto wako. Usishtuke, sijakasirika. Niliijua mara moja kwa sababu mimi pia niliwahi kuikata.

Nasaha yangu ni hii. Anayechelewa bado yumo ndani ya wimbo. Usimzibie nafasi yake kwa sababu tu wewe unaweza. Mngoje, hata majaji wakitazama saa, hata kama binti unayempenda ameketi mstari wa mbele. Mbuzi tutamkosa na tutarudi Bwera tukicheka.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu. Na siku pumzi hiyo itakapokuwa fupi, akupe watu wa kukungoja.