Datsun ya Evode Yaenda Ukweni

Ninyi mnaotafuna mahindi hapo, tegeni sikio, ingawa najua mwishoni mtasema mzee ametia chumvi mpaka chungu kimelia. Semeni tu. Nawaletea habari ya mtu aliyesafiri kwa gari kutoka Gisenyi hapa Rwanda kwenda Goma ya Kongo na kurudi, akatumia siku nne. Haya, mmeshaanza kucheka! Mwanamke wa Busasamana mwenye kapu la kabichi kichwani anavuka mpaka, anauza, anakula andazi, anarudi, anavuka tena, na jua bado halijafika utosini. Nyumbani kwa Evode ukipiga mluzi, mbwa wa Goma anageuza shingo. Siku nne! Na gari lilikuwa na magurudumu yote. Wakati wa kuondoka.

Evode Rutagengwa aliuza vipuri vya baiskeli sokoni Gisenyi. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wake walikokimbilia, akarudi Rwanda na mali tatu: Datsun ya usukani wa kulia, sanduku la pedali, na Kiswahili sanifu. Pedali zilikwisha, Datsun ilizeeka, lakini Kiswahili alikipiga msasa kila siku. Mteja akija akisema, "Papa, iko shene ya kinga?" Evode alimtazama kama hakimu.

"Kinga? Unajikinga na nini? Sema: je, una mnyororo wa baiskeli?"

"Ah, papa, mi nataka shene tu."

"Mimi. Si 'mi'."

Mteja alihamia kibanda cha pili, akapata shene yake bila mtihani. Evode hakujali. Biashara inapotea, sarufi haipotei.

Mkewe, Illuminée, ni mtoto wa dada yangu. Alikulia Goma, na sasa alipiga taipu katika ofisi ya mkoa hapa Gisenyi. Harusi yao ilifungwa wakati ule barabara hazikuwa na usingizi mzuri, mpaka umefungwa, mama yake hakuweza kuja. Mama huyo, dada yangu Xavérine, alikuwa amefundisha Kifaransa kwa masista miaka na miaka, na alikuwa na tabia ya kumsahihisha hata padri katikati ya mahubiri. Alipoambiwa kwamba mkwe wake hajui Kifaransa hata cha kuombea maji, alisema, "Tutaonana atakapoweza kunisalimu." Evode akapeleka ujumbe kwamba wanaweza kuongea Kinyarwanda. Jibu likarudi: "Kinyarwanda hata ng'ombe zetu wanakijua."

Ugomvi huo ungeweza kulala. Lakini Illuminée alishika mimba, na ilipofika mwezi wa saba Xavérine akatoa hukumu: binti yake atajifungulia Goma, kwa mama yake, na atakaa huko mpaka mtoto aote meno. Mkwe asiyejua kusalimu, je, usiku wa uchungu atamwitaje daktari?

Hapo Evode hakulala. Sokoni alitania kwamba mtoto akizaliwa Goma neno lake la kwanza litakuwa "mutu". Lakini mimi aliniambia la kweli, akiwa ameinamia tairi ili nisione uso wake. "Mjomba, mimi nilizaliwa ugenini. Ndugu zangu wote, ugenini. Huyu mmoja nataka azaliwe nyumbani, nikiwa mlangoni." Sikumtania siku ile. Nilijizuia, na mnajua kujizuia kunanigharimu.

Mwaka ule wa tisini na tisa Sikukuu ya Uhuru iliangukia Alhamisi. Mapema wiki ile Illuminée alirudi kutoka kazini akiimba: "Cheri, Ijumaa tunafanya pont!"

Evode, ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna neno asilolijua, akajibu, "Vizuri sana." Kisha akamwuliza jirani kisirisiri, jirani akamwambia pont ni daraja. Jioni Illuminée akamkuta uani amevaa mabuti ya mpira, ananoa koleo.

"Unajenga nini?"

"Si umesema tunafanya daraja? Nimejitayarisha. Ila na tumbo hilo, wewe utabeba maji tu."

Illuminée alikaa chini akacheka hadi machozi. "We Evode! Pont ni ile siku katikati ya sikukuu na wikendi. Hatuijengi, tunairuka. Ofisi inafungwa. Twende kwa Maman. Ukimsalimu vizuri, nitamwomba aje kwetu, mimi nisiende kwake."

Basi akamfundisha sentensi moja. Moja tu, maana mzigo mzito hupewa mnyamwezi, na Evode si mnyamwezi. *Bonjour, maman, je suis très content.* Shikamoo, mama, nimefurahi sana. Evode aliiimbia minyororo, akaiambia pampu, akamwuzia mtu spoku akamwambia nimefurahi sana, mama. Mtu huyo alikuwa na ndevu.

Alhamisi asubuhi Illuminée akasema, "Twende kwa miguu, ni karibu."

"Mkwe aende ukweni kwa miguu kama muuza karoti? Haiwezekani." Akavaa suti, akaifuta Datsun kwa kanga ya mkewe, wakaondoka. Majirani walipunga mikono kama wanaaga watu wanaoenda Ulaya.

Upande wa Kongo alisimama ofisa mmoja mnene mwenye masharubu kama brashi ya viatu. Akainama kwenye dirisha la kushoto, akakuta hakuna dereva, akazunguka kulia, akatoa sauti nzito: "Bonjour, monsieur!"

Kifaransa kilikuwa kimebana kifuani mwa Evode tangu alfajiri. Kikatoka chote. "Bonjour, maman, je suis très content!"

Illuminée akafunika uso kwa mkoba. Ofisa akajitazama masharubu, akajitazama tumbo, akasema taratibu, "Moi aussi, mon fils." Yaani, nami pia, mwanangu. Akafungua kizuizi huku mabega yanatikisika.

"Umeona?" Evode akasema. "Kifaransa ni kujiamini. Na hata jibu nimelishika: *moi aussi, mon fils*."

"Jibu hilo liache mpakani, tafadhali."

Walipofika karibu na mzunguko wa Goma, Datsun ikakohoa, ikatema moshi, ikakaa kimya juu ya yale mawe meusi ya volkano. Bahati ikawa njema, au ilijifanya njema: mbele yao kulikuwa na gereji, na fundi wake, Kadiri, mtu wa Kindu, alikuwa ameshainama chini ya boneti kabla hawajashuka. Nyumba ya Maman ilikuwa mitaa mitatu tu mbele. Illuminée akaamua atangulie kutoa taarifa, mgeni asivamie.

"Usiongee Kifaransa na mtu," akamwonya.

"Na huyu nitaongea Kiswahili. Kwa Kiswahili hakuna wa kunibabaisha."

Kadiri akanyanyua kichwa. "Mukubwa, iko kitu inaziba mu carburateur. Nitoshe?"

Evode akafurahi. Alipenda fundi mnyenyekevu, anayeuliza kwanza kama anatosha kwa kazi. "Unatosha, ndugu yangu. Unatosha kabisa."

"Ao nitoshe na radiateur?"

"Husemi hivyo. Unasema: *nitaitosha* kazi ya rejeta? Hapana... *nitatosha kwa*..." Akaona somo ni refu na jua ni kali. "Tosha, bwana. Tosha."

"Bon," Kadiri akasema, akawaita wenzake wawili.

Evode akaenda ng'ambo ya barabara kung'arisha viatu. Ametulia, kivuli kizuri, anarudia sentensi yake. Kadiri akapaza sauti: "Mukubwa! Na hii batterie, nitoshe?"

Evode hakugeuka. Betri ikitosha itatosha. "Tosha!"

"Na viti?"

Swali hilo la viti lingemshtua mtu mwingine. Lakini Evode alidhani anaulizwa kama viti vinatosha familia inayoongezeka, akaona fundi huyu ana adabu na kuona mbali. "Vinatosha! Vyote vinatosha!"

"Mutoshe vyote!" Kadiri akawaambia wenzake. "Mukubwa amesema vyote."

Viatu vilipong'aa kama kioo, Evode akageuka. Datsun ilikuwa imetandazwa chini kama vitu vya mnada. Injini huku, milango kule, viti vimepangwa kama vya mkutano. Gari lenyewe lilibaki bati na aibu.

"Nini hii? Nimesema tosha!"

"Njo vile, mukubwa. Na sisi tunatosha."

"Tosha! Tosha! Tosha!"

Kila aliposema, kitu kikatoka. Kwa "tosha" ya kwanza bampa, kwa ya pili kioo, kwa ya tatu Kadiri mwenyewe akang'oa usukani, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi ya harusi. "Sasa kumebaki pneu tu, mukubwa," akasema akigonga tairi. "Nazo?"

Ndipo Evode alipoelewa, na moyo ukashuka mpaka kwenye viatu vile vilivyong'aa. Sisi tuliokulia huku tungemwambia, kama angetuuliza: Goma, kutosha ni kutoa. Unatosha kofia, unatosha jino, unatosha maji kisimani. Alikuwa ameogopa Kifaransa wiki nzima, na Kifaransa hakikumfanya kitu. Kilichomla ni Kiswahili.

Wakati huohuo, mtaani kukatokea mwavuli. Chini yake Xavérine, kando yake Illuminée, ambaye alipoiona Datsun alishika tumbo, si kwa kucheka.

Evode akasimama katikati ya vyuma, suti, usukani mikononi. Akajua kama mtoto atazaliwa Gisenyi, atazaliwa kwa sentensi hii. Akavuta pumzi. "Bonjour, maman, je suis très content."

Safi. Hata padri asingesahihishwa. Xavérine akatazama injini, akatazama milango, akatazama usukani. "Content? De quoi?" Umefurahia nini?

Sasa, Evode hakuwa na kingine. Ghalani palibaki kile kipande cha mpakani. Akainamisha kichwa kwa heshima zote: "Moi aussi, mon fils."

Amemwita mama mkwe "mwanangu". Mbele za watu. Illuminée akafumba macho.

Xavérine akamgeukia Kadiri, akamwuliza nani kavunja gari.

"Maman, hakuna mutu amevunja. Mi nilimuuliza nitoshe? Yeye anasema tosha. Namuuliza na viti? Anasema vyote. Namuuliza..."

Midomo ya dada yangu ikaanza kutetemeka. Akamtazama Evode. "Na wewe, kwenu, kutosha ni nini?"

"Ni... kufika kiasi, mama," Evode akajibu kwa Kinyarwanda, taratibu. "Nilikuwa namwambia aache."

Hapo mwavuli ukaanguka. Xavérine alikaa kwenye kiti cha mbele cha Datsun, pale chini juu ya mawe, akacheka mpaka miwani ikatoka. "Yesu wangu! Nimesahihisha watu maisha yangu yote," akasema alipopata pumzi, "sijaona mtu anayesahihishwa na gari!"

"Mama, sanifu ni 'toa'..."

"Na bado ananifundisha! Illuminée, huyu mume umemtoa wapi? Ni mimi mtupu, ila amevaa suruali!"

Kadiri akaosha mikono. "Mukubwa, kesho tunafanya pont. Dimanche njo tunarudisha yote."

Yaani Jumapili. Safari hii Evode hakuulizia koleo. Akachukua usukani wake akaufuata mwavuli.

Akakaa ukweni siku zote hizo. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, hiyo ndiyo desturi, kwa hiyo Illuminée alimpelekea sahani nyuma ya nyumba, akala amejificha na kuku. Lakini jioni hawakunyamaza. Yeye akisema "mnyororo", Xavérine anasema "chaîne", na si "shene". Xavérine akisema "mutu", Evode anakohoa. Anakohoa kwa heshima, lakini anakohoa. Majirani walidhani ni ugomvi. Illuminée, aliyewajua wote wawili, alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Jumapili, gari liliporudishwa na skrubu chache zikabaki bila mwenyewe, Illuminée akaanza, "Maman, kuhusu mtoto..."

"Mtoto atazaliwa Gisenyi," Xavérine akamkata. "Nitakuja mimi. Nikimwacha huyu peke yake na daktari, atamwambia 'tosha', na daktari akiwa wa Goma sijui atamtosha nani." Evode akageuka ukutani, akapangusa usukani ambao haukuwapo tena mikononi. "Lakini nitakuja kwa miguu," Xavérine akaongeza. "Kwenye chombo kile sipandi."

Na kweli alikuja, na mtoto alizaliwa hapahapa, Evode mlangoni. Lakini msinikimbize, bado kurudi kwao. Siku ile Datsun ilizimika tena, ikasukumwa mpaka mpakani na watu mia nane, kwa ngoma, kwa vigelegele, yule ofisa wa masharubu akapiga saluti akalia machozi, na nyuma yao dada yangu Xavérine alikuwa amepanda ile baiskeli ya mbao ya kubebea viazi, chukudu, amesimama wima, mwavuli juu, anateremka kwa kasi ya—

"Mjomba! Chukudu ipi? Mama alibaki kwake siku ile! Na walionisukuma walikuwa wanne, mmoja mlevi!"

Kumbe alikuwa nyuma yangu muda wote, na mtoto begani. Haya, Evode, usikasirike, mimi ni mtu wa kusahihishwa. Nitoshe chukudu peke yake, ao nitoshe na ngoma, na wale mia nane, na machozi ya—

"Tosha, Mjomba! Tosha!"