Kukataliwa na Kutojibiwa

Mama aliyelinda mashini yetu kule kisiwani Chisenga alikuwa mkimbizi kutoka Congo, kama mimi. Kila asubuhi kompyuta ya ofisi, hapa Kashikishi, iliipigia hodi kwa mtandao mashini ile ya umeme wa jua, iliyoandika samaki waliopimwa kisiwani, ili ijue kuna samaki kiasi gani. Ndipo boti ya barafu ilipotoka kwenda kuwachukua. Mimi nilitunza programu.

Siku moja kompyuta ya ofisi, yenye Windows, ikaandika: hakuna jibu. Patron, bosi wetu mwenye boti na barafu, akakata neno: mama amezima mashini, umeme wake anawachajia watu simu. Akaagiza aletwe, akamsimamisha katikati ya wachuuzi wa samaki.

"Baba, mashini iko inawaka," mama akasema. "Sikuizimaka hata siku moja."

"Bongo! Uongo mutupu! Ninyi bakimbizi munazaliwa na bongo mu kinywa."

Akamwamuru avue koti la kazi palepale. Blauzi yake ilikuwa imechanika mgongoni. Watu wakacheka.

Nikafungua kompyuta yangu, yenye Linux, nikajaribu. Papo hapo ikaandika: umekataliwa. Nikashtuka. Mashini iliyozimwa haikatai mtu. Anayekukataa yuko nyumbani. Nikarudi kwenye ile ya ofisi, nikaiongezea muda wa kusubiri, nayo ikaandika vilevile: umekataliwa. Linux ikikataliwa husema mara moja. Windows hurudia hodi kwanza, kimyakimya, na programu yetu ilikuwa haina subira. Ilikata tamaa kabla haijaambiwa lolote. Kisiwani mashini ilikuwa inawaka. Programu ya kupokea hodi ndiyo iliyokuwa imekufa.

Nikamwonyesha patron skrini zote mbili.

"Kumbe alisema kweli," akasema. "Sawa. Tengeneza."

"Na mama?"

"Bantu balishamucheka. Nikimurudisha, batamucheka nani?"

Nikatoka nikawaambia wachuuzi kwa sauti kwamba mama hakuzima kitu. Mmoja wao, aliyecheka kuliko wote, hakuinua hata macho kutoka kwenye mzani.

"Tunamujua, dada, hanaga bongo. Lakini barafu ni ya patron."

Mama alikuwa amesimama karibu, ananisikia. Hakunishukuru. Aliuliza tu boti ya kisiwani inatoka saa ngapi, akachukue sufuria na blanketi lake. Wiki ileile shemeji ya patron akapewa koti, nami nikatumwa kumfundisha kazi.