Kambale wa Mvua za Kwanza

Katika ukoo wetu wote mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada, na ada nilijilipia mwenyewe kwa kutandaza nyaya za umeme katika nyumba za watu Dar es Salaam. Nilirudi kijijini kwetu Mpapura na pikipiki yangu, nikajenga nyumba ya vyumba vinne, bati jekundu, umeme nimeuingiza kwa mikono yangu. Nayasema haya bila aibu. Nisiposema mimi, nani atanisemea? Hakunisaidia mtu.

Jambo moja tu lilikuwa limenishinda tangu utotoni, nalo ni kumshinda dada yangu ziwani. Sheria yetu ilikuwa nyepesi: mwenye samaki mkubwa anakaa, aliyeshindwa anasafisha na kupika. Utoto wangu wote ulinuka shombo.

Niliporudi, yeye alikuwa anajiandaa kuondoka. Wanawe walioko Dodoma walitaka akakae nao msimu wa korosho ukiisha. Mimi nilitaka abaki. Katika vile vyumba vinne, kimoja nilikijenga nikimfikiria yeye.

Basi mvua zilipoanza kugusagusa, Desemba, nikamwomba twende tukavue. Siku hiyo hali ya hewa haikutulia. Jua liliwaka hadi macho yakauma, likaja wingu na rasharasha, jua likarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Dada alikuwa na ufito wake wa mwanzi na boya alilolikata kwenye kandambili. Mimi nilikuwa na ufito wa dukani, wenye gurudumu la kukunjia mshipi. Alishatoa perege wanono wakati mimi bado naosha chambo tu.

“Bwana diploma,” akasema, “hiyo mashine yako inavua au inasaga?”

“Subiri. Leo utapika wewe.”

“Hayo nayasikia tangu una kamasi.”

Nikavumilia, kisha nikamwambia, “Dada, nikishinda, usiende Dodoma.”

Akamenya mng'oko wa kuchemsha, kile kiazi cha porini, akautafuna taratibu. “Mimi si chambo, mdogo wangu. Vua samaki.”

Upepo ukageuka, mvua ikashuka ya kweli. Maji mekundu kutoka mashambani yakaanza kumiminika ziwani, na perege wakaacha kula. Dada akajifunika kanga kichwani, hakusogea. Mimi nikahamia pale maji mapya yalipoingilia, kwa sababu kambale huyafuata hayo. Nikatunga minyoo mingi, nikaacha ndoano izame hadi kwenye tope. Mshipi uliposhtuka nilivuta huku miguu inateleza, na nilipomlaza kambale kwenye majani alikuwa mrefu kama mkono wangu, kuanzia begani.

Dada akaja na perege wake mkubwa, akamlaza kando ya wangu.

“Haya,” akasema. “Umeshinda.”

Jioni alimsugua kambale kwa jivu, akamuunga kwa nazi. Mimi nilikaa kitini kama mkwe, nikaletewa maji ya kunawa. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nimekula hotelini mara nyingi.

“Umevua vizuri,” akasema tukiwa tunakula. “Lakini wajukuu nimeshawaahidi.”

Akaenda. Nilimbebea mizigo hadi kwenye basi.

Mvua za mwaka huu navua peke yangu. Pale ziwani hakuna anayenifikia, muulize yeyote. Juzi nilitoa kambale mkubwa kuliko yule, nikampiga picha, nikamtumia dada. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: “Huyo mrudishe kwa mama yake.” Nyuma yake wajukuu walikuwa wanacheka, na kwa namna walivyocheka nilijua ameshawasimulia habari zetu za ziwani, na kwamba katika habari hizo mimi nashindwa kila siku.