Barua ya Shigela

Waswa alivuka ziwa kutoka Jinja mwaka 1977, akiwakimbia askari waliomuua kaka yake. Kiwanda cha kuchambua pamba jijini Mwanza kilimpa kazi ya kufunga marobota, na timu ya kiwanda ikampa jezi namba tano. Beki mwenzake alikuwa Shigela, mtu wa Magu. Walicheza pamoja miaka tisa. Shigela ndiye aliyempelekea posa kwa wazazi wa Teodora.

Goti lilipoharibika, Waswa akawa kocha. Aliwafundisha watu waliotoka zamu na vumbi la pamba masikioni, akawapandisha daraja.

Mwaka 1996 kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya aliitaka na timu, na kocha wake alikuwa naye tayari. Shigela, aliyekuwa sasa mwenyekiti wa klabu, akamwandikia Waswa: klabu haiwezi tena kufundishwa na mtu asiye raia.

Waswa akaenda na barua mkononi hadi ofisi ya klabu, Mirongo.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu. Kaa kwanza, bwana."

"Sikai. Siku nilipovunjika goti uwanjani, nilikuwa raia wa wapi?"

Shigela aliinamia meza. "Tajiri anataka mtu wake. Ningefanyaje?"

"Ungeandika hivyo hivyo, ningeondoka. Umeandika mimi mgeni. Wewe, uliyewaambia wakwe zangu kwamba mimi ni ndugu yako."

Akatoka bila kuaga. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani Butimba, maana alijua akipanda gari atagombana na mtu.

Mwezi uliofuata alianza kuwafundisha wauza mitumba na mafundi baiskeli wa Kisesa. Alikuwa mkali kupita kiasi. Aliyechelewa alirudishwa kwao. Msimu wa pili wakakutana na timu yake ya zamani, wakafungwa mbili bila. Nahodha wa Kisesa, Ngosha, alikuja kumwomba radhi.

"Usiniombe radhi," Waswa alisema. "Mmecheza vizuri. Hasira ni zangu, si zenu."

Miaka miwili baadaye Shigela aliugua. Teodora alibeba uji, akamtaka mumewe waende pamoja kumjulia hali.

"Nenda wewe," Waswa alimjibu. "Mimi nikifika nitamwambia nimemsamehe, na sijamsamehe."

Teodora akaenda peke yake.