Nchi ya Mama Osundwa

Watu wakiniuliza habari za miaka ile miwa ilipoingia kwetu, wanataka kusikia mambo ya baiskeli mpya na mabati mapya. Mimi nitaandika habari za Mama Osundwa, maana wanaozisimulia huko kanisani wanazisimulia vibaya, na nusu yao hawakuwepo.

Alikuwa mke wa Andati, mdogo wa mume wangu, na mtoto wao wa kwanza ndiye Osundwa, aliyepewa jina la babu yake. Andati alimwoa huko Kakira, Uganda, alikokuwa akikata miwa pamoja na baba ya huyo msichana. Baba yule alikuwa Mrundi. Alitoka kwao kwa miguu na binti yake wa miaka kumi na miwili, akamwahidi mkewe kwamba misimu miwili tu ya Kakira watarudi. Akafia Kakira. Uganda ilipoharibika Andati akaja nyumbani na mke wake, wakati huo huo kiwanda cha sukari kinafunguliwa huku kwetu na kila mtu anang'oa mahindi apande miwa mpaka mlangoni kwa jikoni. Yule mke alijua miwa kutuzidi sote. Ndiye aliyetufundisha kukata chini kabisa, usawa wa udongo, kwa sababu utamu unakaa chini. Wanaume wakamcheka, halafu wakakata vile alivyosema, halafu wakasema ni akili yao.

Basi mwaka mmoja kanisa letu likaalikwa na wenzetu wa Burundi. Wakachaguliwa watu tisa, kiongozi wao Cornelius, karani wa kanisa, mtu wa mjini, Amalemba, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wakasema: tunaye mtu wa huko, atueleze nchi. Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada, Mama Osundwa akakalishwa mbele yao. Nilikuwepo zote tatu, na maswali yao yananiudhi mpaka leo.

"Mama Osundwa, huko obusuma iko?" akauliza Jescah, mmoja wa wale tisa. Huyo Jescah hakuwahi kuuliza jambo lisilopita kooni.

"Kuna maharagwe. Asubuhi maharagwe, jioni maharagwe. Viazi pia, na ndizi."

"Bila ugali?"

"Beba unga wako, mama."

"Na hivyo vilima vyao ni kama hivi vya Maragoli?"

"Hivyo vya Maragoli ni watoto. Kwetu ukisimama mlangoni, paa la jirani mmoja liko chini ya miguu yako, na ng'ombe wa jirani mwingine anakula juu ya kichwa chako. Mnasalimiana kwa sauti, lakini kufika kwake ni nusu siku."

"Sasa hao ng'ombe hawaangukangi?"

"Wao hawaanguki. Utakayeanguka ni wewe."

Watu wakacheka. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Alisema ukungu wa asubuhi unaficha nchi nzima mpaka unafikiri umebaki peke yako duniani. Alisema ukipewa maziwa usikatae, maana ni kama umekataa mkono wa mtu. Na huko, alisema, mtu anajulikana kwa kilima chake. Uliza kilima kwanza, halafu taja jina.

Jumapili ya tatu akasema lile aliloketi hapo kwa ajili yake. "Kilima chetu ni Gasenyi, upande wa Kayanza. Mama yangu kama yuko hai, yuko hapo. Mwambieni Barankariza hajafa."

Cornelius akainua kalamu. "Barankariza ndiye nani?"

"Ni mimi."

"Aa, Mama Osundwa! Jina la usichana? Mke wa mtu, mama wa watoto watano, nikakutangaze kwa watu kwa jina la usichana? Hiyo si heshima."

"Andika tu. Na baba yangu aliitwa..."

"Mwanamke akishatolewa ng'ombe ni wa kwa mume. Tutaandika vizuri, usijali."

Akanigeukia mimi, mke wa kaka mkubwa. "Mama Muhonja, nimekosea?"

Nikasema hajakosea. Ndiyo, mimi. Kwetu hata bibi yangu sikulijua jina lake la kwao mpaka alipozikwa. Mama Osundwa akanitazama, akafunga leso yake, na mimi nikafikiri amekubali.

Wakasafiri. Wakarudi baada ya wiki tatu na koti za baridi, Cornelius akasimama kanisani kutoa habari. Walifika Gasenyi, wakiwa na kijana wa misheni wa kuwatafsiria. Cornelius alisoma barua yake mbele ya kilima kizima: tunamtafuta mama mzazi wa Mama Osundwa, mke wa Andati, wa Kakamega. Watu wakatazamana. Wakamwuliza, huyo mwanamke baba yake ni nani? Na Cornelius, karani mzima, akawajibu kwamba Andati ni mwana wa mzee Osundwa!

"Hakuna aliyemjua," akasema. "Pole, Mama Osundwa. Labda walihama."

"Mzee mmoja wa kike alitupatia maziwa," Jescah akadakia kutoka kwenye benchi. "Wee, maziwa matamu! Alitushika mikono mmoja mmoja. Akauliza kama tumetoka Kakira."

Mama Osundwa akasimama. "Mkamjibu nini?"

"Si tulimwambia ukweli? Kakira ni Uganda, sisi ni Wakenya."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoka katikati ya ibada, na Andati akamfuata akisema wangoje kwanza palizi iishe, waende pamoja.

"Palizi mtapalilia nyinyi," akamwambia. "Mama yangu amengoja palizi ngapi?"

Jumanne akaondoka peke yake, na unga wake kikapuni. Palizi nilipalilia mimi, na mgongo haujanisamehe.

Alirudi mvua za pili zikianza. Alimkuta mama yake hai, mlangoni pale pale. Nilimwuliza mama huyo alisema nini, nikitegemea neno la machozi.

"Aliniuliza: hao watu wa kwenu, mtoto wao akipotea porini, wanamwita kwa jina gani?"

Nikamwambia ale, ugali unapoa.

Mimi bado namwita Mama Osundwa. Adabu niliyofundishwa sitaitupa katika uzee huu. Lakini kwenye kitabu cha washirika, pale palipoandikwa Mama Osundwa peke yake, nilimpeleka Cornelius nikamwambia aongeze Barankariza, binti wa Gasenyi. Akaanza kunieleza habari za heshima. Nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka alipomaliza kuandika, na herufi aliyokosea nikamrudisha aandike upya.