Saa ya Bei Nafuu Imeshinda Kitale

Leo nimenyamazisha muuza saa wa Kitale!

Binti yangu Nasimiyu ni mkimbiaji, anataka saa ya GPS ya kupima mbio. Nikashika ile ya bei nafuu.

Muuzaji akacheka. "Mzee, hiyo itakudanganya. Chukua hii kubwa."

Ati nidanganywe mimi? Si mimi nilichimbia mawe ya kilomita kwa hii barabara nikiwa kijana!

Nikavaa zote mbili, moja kila mkono. Nikakimbia na gambuti zangu za mpira kutoka jiwe moja mpaka lingine. Muuzaji nyuma na baiskeli, anaogopa nitatoroka nazo.

Kubwa ikasema kilomita moja.

Ndogo ikasema kilomita moja!

Nani bado anabisha?

Nasimiyu, saa iko. Kuja uchukue, lakini kwanza unishinde mbio.